Fimbo ya Mzee Nassor

Binti yake Twaha alinipigia simu siku ileile baba yake alipofariki, kabla hata maiti hajaoshwa. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, kama cha watoto wote waliozaliwa huku Marekani. Akasema, "Uncle Elia, ni Dad. Amefariki asubuhi hii. Alisema wewe uambiwe the same day, na nikwambie straight, nisizunguke." Nikamshukuru, nikampa pole, nikaweka simu mezani. Mke wangu aliniuliza nani amekufa, nikamwambia ni mtu niliyewahi kukaa naye mji wa New Hope. Hilo nalo lilikuwa kweli, ila ni kweli ya mtu mwoga. Twaha na mimi hatukuwa tumezungumza vizuri kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulipokutana harusini tulipeana mikono, tukaulizana watoto, kila mmoja akaenda kutafuta sahani yake. Watu walidhani ni mambo ya dini, au siasa za Kenya na Tanzania, na sisi tukawaacha wadhani hivyo. Sababu ilikuwa mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, na fimbo moja ya kuvulia samaki.

Nilikotoka na nilivyofika Minnesota si habari ya leo. Nianze na nyumba tuliyopanga wawili. Ilikuwa ghorofa ya pili, New Hope, na dirisha la sebule lilitazama maegesho ya magari yaliyofunikwa theluji kuanzia Novemba. Kapeti la kahawia lilikuwa na harufu ya mpangaji aliyetutangulia, na harufu hiyo haikutoka hata tulipopika samaki wiki nzima. Mimi nilisomea uuguzi na kufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Twaha, mtu wa Mombasa, alisomea uhasibu na kufanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli. Yeye Mwislamu, mimi Mwanglikana, na jikoni tuligawana sufuria bila ugomvi hata siku moja. Alinitania kutwa kwa kuwa natoka Dodoma. Alisema samaki nilimjua akiwa amekaushwa tu, tena kichwa kimeshaliwa na mwingine. Mimi nilimwambia kwamba kwao wanaongea sana kwa sababu hawana la kulima. Tulikuwa vijana, baridi ilikuwa kali, na utani ulitutia joto kuliko hita ya nyumba ile.

Baba yake, Mzee Nassor, alikuwa karani mstaafu wa bandari. Kila Jumapili alikwenda kukaa mawe ya ufukweni na mshipi wa mkono, mshipi mtupu uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, na ulikuwa umemchanja vidole miaka mingi. Twaha alikata shauri kwamba Desemba akienda nyumbani atampelekea fimbo ya kuvulia yenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kwa ujira wetu hilo halikuwa jambo dogo. Nasi pia tulitaka fimbo zetu, kwani wenzake wa hotelini walikuwa wamemjaza maneno kuhusu besi, samaki wa maziwa ya huku mwenye mdomo mpana na hasira nyingi. Basi kuanzia Januari, maziwa yakiwa bado barafu tupu, kila Jumamosi tulipanda basi hadi Saint Louis Park, kwenye duka la vitu vya michezo vilivyokwisha tumika. Twaha akawa anachagua. Sijapata kumwona mtu anayechagua kama yule. Aligandamiza ncha ya fimbo kwenye dari aone inavyopinda na kama inarudi. Alipitisha pamba ndani ya kila pete ya kupitishia mshipi, maana pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa utakata mshipi siku samaki mkubwa atakapovuta. Rili aliisogeza sikioni na kuizungusha polepole akisikiliza meno yake. Nyingi zilikuwa zinasaga mchanga ndani.

Mzee wa duka, Mzungu mwenye miwani aliyoifunga uzi, mwanzoni alitutazama kwa wasiwasi. Baadaye akampenda Twaha na kuanza kumfundisha. Alisema mwenye pesa kidogo asigawe sawa kwa sawa: fimbo ya bei rahisi huvumilika, lakini rili ya bei rahisi itakutoa machozi, kwa hiyo pesa iende kwenye rili. Alisema kwa besi tuchukue fimbo ya futi sita na nusu, isiwe laini wala ngumu, na ikiwa ya nyuzi za kioo badala ya ile nyeusi nyepesi ya ghali, itakuwa nzito kidogo lakini haitavunjika ovyo. Twaha alimsikiliza kama anasikiliza darasa, kisha akaanza masharti yake. Fimbo ya baba iwe ya vipande viwili, iingie kwenye sanduku la ndege. Pete zisiwe za chuma kinachoshika kutu, maana kule ni maji ya chumvi. Rili iwe na breki inayoachia mshipi kwa ulaini, kwa kuwa vidole vya mzee vimechoka. Tena mpini wa kuzungushia uweze kufunguliwa na kuhamishiwa upande wa pili, kwa kuwa Mzee Nassor alikuwa mashoto. Nilisimama na koti langu mkononi nikihisi njaa. Nilimwambia baba yake hangeweza kujua tofauti. Akasema, "Yeye atajua. Wewe humjui babangu."

Machi alimpigia simu. Nyumbani kwao hakukuwa na simu, walitumia ya jirani, na kadi ya kupigia ilikuwa inakata dakika bila huruma. Nilikuwa nakanda unga wa chapati na nilisikia maneno yake yote. Alimweleza baba yake jinsi rili inavyofanya kazi, na mzee alicheka upande wa pili hadi mimi nikamsikia kutoka mezani. Twaha aliporudisha simu akanisimulia. Mzee alisema: mkono wa kushoto ndio unaorusha, basi wa kulia ndio uzungushe, niwekee mpini kulia, na usinitoe aibu mbele ya watu wa mawe. Twaha alifurahi sana kwamba mzee ameelewa haraka hivyo. Tulikula chapati kwa maharage siku ile, na alizungumza habari za baba yake hadi nikachoka.

Aprili, adhuhuri moja, nilikuwa peke yangu nikichambua maharage simu ilipolia. Alikuwa Hashim, kaka mkubwa wa Twaha. Aliniuliza kama niko peke yangu, na swali hilo tu lilinifanya niweke sinia la maharage pembeni. Akasema, "Elia, babetu ametutoka alfajiri. Tumeshamzika. Sasa sikiza, ndugu yangu, Twaha asiambiwe. Yuko mbali, yuko peke yake, ana mitihani. Ami Seif ndiye mtu mzima wetu huko, yeye atamwambia uso kwa uso akirudi Hija. Wewe mtazame tu. Naomba uniahidi." Nikaahidi. Wala sikuona ajabu. Hata kwetu Dodoma ndivyo tunavyofanya: mtu aliye ugenini hapigwi na msiba kwa simu, watu wazima hukusanyika kwanza, wakamkalisha, wakamwambia akiwa ameshikwa huku na huku. Ni huruma. Hadi leo sijui kuiita jina jingine, na nimeona ilivyofanya kazi yake.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Twaha aliingia akiwa na fimbo. Aliipata kwenye gereji ya watu, mtaa wa tatu, walipokuwa wanauza vitu vyao vya zamani. Vipande viwili, pete nzuri zote, mshikio wa gome laini ambao mikono ya mtu mwingine ilikuwa imeutia weusi. Aliiunganisha katikati ya sebule, akainyoosha hadi ncha ikagusa kioo cha dirisha, akaniambia nishike nisikie ilivyokaa sawa. Nikaishika. Aliniuliza kama nimekula, nikasema bado. Basi akaenda kunipikia. Nilikaa kwenye kochi na ile fimbo magotini, fimbo ya mtu aliyekuwa tayari chini ya udongo, nikimsikia mwanawe anakaanga vitunguu na kuimba. Nilijisemea ni wiki chache tu.

Wiki zile zilikuwa mbaya. Barafu ya ziwa ililegea, ikawa ya kijivu, ikaanza kuachana na ukingo. Twaha alipiga simu nyumbani mara tatu. Mara ya kwanza baba ametoka kidogo. Mara ya pili baba kaenda shamba kwa shangazi. Mara ya tatu baba kalala, ana mafua, na sauti ya Hashim ilikuwa nyepesi mno. Mimi nilikaa palepale nikijifanya nasoma. Twaha aliweka simu, akaitazama, akasema, "Babangu halali saa hizi." Nikafungua ukurasa mwingine. Siku ya pili yake alikaa mezani kuandika barua, akanisomea sehemu yake, kama alivyozoea. Alimwuliza baba yake rangi ya mshipi aitakayo, kisha akauliza mpini wa rili autie upande gani. Nikamwambia, "Si alishasema kulia?" Akasema, "Nimesahau," na akaendelea kuandika bila kuinua uso.

Ami Seif alirudi kutoka Makka katikati ya Mei, akatualika kwake Lakeville. Alikuwa baba mdogo wa mama yake Twaha kwa mbali, mtu wa biashara, na watu wote wa pwani hapa walimwita Ami. Kulikuwa na pilau, tende na maji ya Zamzam katika vikombe vidogo. Nilikwenda nikidhani siku imefika. Niliona wanawake jikoni wakinong'ona, na Twaha alipoingia kuosha mikono wakaanza kuzungumzia bei ya kuku, wote kwa pamoja. Kisha binti mdogo wa Ami, wa miaka kama minane, akamtazama Twaha na kumwuliza mama yake kwa sauti, "Is he the one whose dad...?" Mama yake akamtia tende mdomoni. Twaha alikuwa anafuta mikono kwa taulo. Aliifuta polepole, kidole baada ya kidole, akatoka. Baada ya chakula Ami alinivuta pembeni, akaniambia, "Tumwache amalize mtihani wa Juni, mwanangu. Si sasa." Nikasema, "Ami, anauliza." Akasema, "Ataambiwa. Wewe usiwe na haraka ya mambo mazito." Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikatii. Juni ilipokwisha ikawa binti mkubwa wa Ami anaolewa Julai, na msiba usiingie kwenye harusi.

Jibu la barua lilifika mwisho wa Mei, kwa mwandiko wa Hashim aliyekuwa akimwandikia mzee siku zote, siku chache kabla msimu wa besi haujafunguliwa. Twaha aliisoma amesimama karibu na dirisha. Nilimwuliza baba hajambo. Akasema, "Asema hajambo. Asema mshipi uwe wa kijani. Na mpini uwe kushoto, kwa kuwa yeye ni mashoto." Akaikunja barua katika mikunjo yake ileile, akaitia ndani ya Msahafu, akachukua bisibisi. Tulikuwa tumepata rili nzuri kule Saint Louis Park, ya kiwango chetu, haisagi mchanga, na ilikuja na mpini upande wa kushoto kama zote. Nilimtazama akiufungua mpini, akauhamishia kulia, akakaza. Nikasema, "Barua inasema kushoto." Akasema, "Nimesikia." Na mimi, ambaye nilikuwa najua kila kitu, sikuelewa kitu.

Kiangazi chote tulivua. Tulikwenda na fimbo zetu mbili hadi ukingoni mwa Medicine Lake, tukasimama kwenye majani marefu, tukajifunza kurusha bila kunasa miti. Tulipata besi, tukawapika kwa nazi ya kopo na ndimu. Twaha alikula kidogo. Hakupiga simu tena nyumbani. Hakunitania. Wakati mwingine nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa chumba chake umefungwa na sauti ya chini ndani, na nilipoita ikakatika. Fimbo ya baba yake ilikaa kona ya sebule, imeunganishwa, imefungwa mshipi wa kijani. Kila asubuhi nilipita karibu nayo kwenda kazini, na kila asubuhi nilisema jioni nitamwambia. Nilikuwa naiogopa ile kona. Nitasema wazi kwamba haikuwa tena ahadi niliyompa Hashim iliyonifunga mdomo. Nilikuwa nimechelewa, na kila siku iliyopita iliongeza aibu ya kueleza kwa nini sikusema jana.

Agosti Twaha alisema anakwenda kuweka nafasi ya ndege ya Desemba. Niliwapigia Lakeville, na sasa Ami akaona hapana pa kukimbilia. Alipanga kila kitu. Jumamosi nimpeleke Twaha ziwani adhuhuri, nimweke huko, nisimrudishe mpaka karibu na alasiri. Watu watakuja nyumbani, wanawake watapika, na akiingia atawakuta wameshakaa. Nilifanya kama nilivyoambiwa. Niliposema twende tukavue, Twaha alinitazama kidogo, akaenda kwenye kona, akachukua fimbo ya baba yake.

Hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa ya kijani kizito karibu na ukingo, na hewa ilinuka majani yanayooza. Twaha alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, ambao si wake wa kawaida, akarusha vibaya, akazungusha kwa mkono wa kulia. Akarusha tena. Aliendelea hivyo kwa muda mrefu, kila mara chambo kikianguka hatua chache tu mbele yetu, na hakucheka. Mimi niliangalia saa. Kisha akasema bila kugeuka, "Leo wanakuja wangapi nyumbani?"

Nikaificha saa ndani ya mkono wa shati. Akasema, "Elia, mie sikusahau upande wa mpini. Niliuliza makusudi. Nilitaka kujua maneno ni ya nani." Akazungusha mshipi wote hadi chambo kikafika nchani. "Babangu alijua kulia. Hashim hajapata kuona rili, akaona mashoto, akasema kushoto. Tangu siku ile najua. Nimemsomea Yasin peke yangu, mlango nimefunga, wewe ukiwa kazini."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Aligeuka akanitazama, na nilitamani angekasirika. "Niseme nini? Mtu hujipa habari ya msiba mwenyewe? Nilikuwa nangoja uniambie. Nikijua Ami ana mambo yake, na Hashim ana mambo yake. Lakini wewe twalala nyumba moja. Kila ukija mlangoni nikisema, leo ataniambia Elia." Akaiweka fimbo chini kwenye majani. "Haya, niambie sasa. Nataka nisikie kwa mdomo wa mtu."

Nikasema. Nilisema, Twaha, baba yako amefariki, tangu Aprili. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akakaa chini, akalia kwa mara ya kwanza, kwa nguvu, mikono juu ya kichwa, kama mtu aliyeletewa habari dakika ile. Miezi yote ile hakuwa ameweza kulia, kwa kuwa mbele ya watu wote baba yake alikuwa mzima, ana mafua, anataka mshipi wa kijani. Nilikaa karibu naye nikalia na mimi. Nikamwambia pole. Jibu la pole, "nishapoa," kila mtu wa pwani hulitoa bila kufikiri. Twaha hakulitoa.

Alipomaliza alinawa uso kwa maji ya ziwa, akasubiri macho yakauke, akaifungua fimbo vipande viwili. Akasema, "Twende. Wasijue kama umeniambia, watakulaumu." Tulitembea hadi kwenye gari nililoazima kazini.

Mlangoni kwetu viatu vilikuwa vimejaa hadi kwenye ngazi. Ndani watu walikuwa wamekaa kwenye kapeti la kahawia, wanaume upande huu, wanawake kule jikoni. Twaha aliwaamkia mmoja mmoja, akamshika Ami Seif mkono na kuubusu. Ami alimkalisha kati yake na mwanamume mwingine, wakamshika mabega, na Ami akaanza mbali, kwa habari ya dunia na wasafiri, kama mtu mzima anavyopaswa kuanza. Alipofika kwenye jina la Mzee Nassor, Twaha aliinua uso kama mtu asiyejua kinachokuja. Alifanya vizuri mno. Akalia mara ya pili, mikononi mwao, na Ami akafuta machozi yake mwenyewe akamshukuru Mungu kwamba kijana amepokea. Katika chumba kile ni mimi tu niliyejua kwamba Twaha ndiye aliyekuwa akiwafariji wao.

Kisha watu wakaanza kusimama kumpa mkono. Nilisimama nami nyuma ya watu wawili nisiowajua. Zamu yangu ilipofika nikashika mkono wake, bado ulikuwa na harufu ya ziwa, nikasema, "Pole, Twaha." Akanitazama kwa adabu.

"Nishapoa, ndugu yangu," akasema, kama alivyowaambia wote walionitangulia, akanyoosha mkono kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu.